Kijito Ambacho Kasongo Hakutaka Kukitaja

Nyinyi mnaoingia sasa kwenye atelye, karakana yetu ya picha, mtakuta nyundo yangu ndogo kwenye droo ya kushoto, pamoja na koleo la kuvutia kitambaa. Msiwaazime wachoraji. Hawarudishi, na siku wakirudisha, kifaa kinakuja na rangi mpaka kwenye mpini. Mliniomba kabla sijaondoka niwaandikie namna ya kutayarisha turubai, nami nitaandika. Lakini kutayarisha turubai mtajifunza kwa muda mfupi tu. Kazi yenyewe ni kuishi miaka mingi katikati ya watu wanaochora nchi, na kuona nchi hiyo ikibadilika kwenye picha zao wakati nje ya dirisha hakuna kilichobadilika. Hilo hamtafundishwa na mtu, na mimi nililijua kwa gharama ya watu wengine.

Nilifika hapa Kamina nikiwa binti wa mwalimu wa Kimetodisti, nimemaliza shule, nimevaa viatu vya Jumapili. Baba alitaka niwe karani. Kambi ya wachoraji ilikuwa kama mnavyoiona: ile safu ya nyumba za matofali nyuma ya gara, stesheni ya treni, zilizojengwa zamani kwa ajili ya watu wa reli, ua mmoja, kisima kimoja, na banda moja la kupikia katikati. Kila nyumba mchoraji na familia yake. Mwisho wa safu, atelye na chumba cha kutundikia picha zikingoja wageni. Niliuliza kama wanahitaji karani. Nikaambiwa karani hahitajiki, anahitajika mtu wa kupiga misumari. Nilikubali, nikijiambia ni mpaka nipate ofisi. Ofisi hiyo bado sijaipata.

Aliyenipokea ni papa Léonard, seremala Mkatoliki wa kijiji cha karibu na mji, mzee mwembamba aliyenusa kila kitu kabla ya kukigusa. Alinusa mbao, alinusa gundi, na nadhani siku ile alininusa hata mimi. Alinipa picha iliyokwisha kutengenezwa, yenye kichuguu na nyasi, akaniuliza ninaona nini.

"Naona kichuguu, papa."

"Geuza."

Nikageuza. Nyuma kulikuwa na kitambaa, mbao za shasi, yaani kiunzi cha kuvutia kitambaa, na misumari, mingine imepinda.

"Mbele njo mahali muchoraji anakuambia mambo," akasema. "Nyuma njo mahali unaona kama anasema kweli. Weye mwanamuke, kila picha unageuza kwanza."

Nilimwona mzee mwenye roho ya mashaka. Baadaye nilimshukuru.

Basi turubai iko hivi. Chukua amerikani nzito, ifue kwa maji moto mpaka wanga wa dukani utoke, iache ikauke kivulini. Ivute juu ya shasi ukianzia katikati ya kila upande, kisha upande wa pili unaotazamana nao, ukienda kidogokidogo kuelekea pembeni. Ukianza na kona, utalia. Gundi ni ya mihogo, iliyochemshwa ikawa nyepesi kama uji wa mgonjwa. Ikikauka, paka nyeupe, piga msasa, paka tena. Halafu gonga kwa kidole. Ikijibu kama ngoma ya watoto, imekubali. Ikinyamaza, anza upya, na usimwambie mtu. Papa Léonard alikuwa na nyongeza yake: "Muchoraji akikuambia turubai iko mubaya, angalia mikono yake. Akikuambia iko muzuri, jiulize anataka nini."

Wakati ule wachoraji wakubwa wa kambi walikuwa wawili. Wa kwanza ni papa Kasongo, mtu wa kijiji kimoja kwenye barabara ya Kabongo, aliyechora mbuga baada ya moto: majivu, vichuguu, na vijito vyembamba vinavyopita katikati ya mawe. Wa pili ni Banza, aliyetoka Mulongo, kando ya mto Lualaba, na kwake nchi yote ilikuwa maji. Alichora vinamasi, mitumbwi, mafunjo, na watu wadogo sana waliosimama ndani ya mitumbwi hiyo kama sindano. Baadaye alikuja Ngoie, msichana wa hapa hapa mjini, binti wa muuguzi. Yeye alichora kingo za mji: mashamba ya mihogo yanayogusa reli, kamba za nguo, kuku wanaovuka njia bila haraka.

Mwanzoni sikuona uhusiano wowote kati ya picha zao. Kisha nikaanza kuona. Rangi ya kijani, kwa mfano. Majani ya Lualaba ya Banza, majani ya kijito cha Kasongo na mihogo ya Ngoie yalikuwa ya kijani kimoja. Mgeni mmoja aliyesoma sana alisimama katikati ya chumba akasema hawa watu wana shule yao, wana mtindo wao. Hawakuwa na mtindo. Walikuwa na kopo moja. Lilikaa kwenye banda la kupikia, kila mmoja akimimina humo mabaki yake, na wote walichota humo wakisubiri bukari, ugali wetu, iive.

Hivyo ndivyo maisha ya kambi yalivyoingia kwenye nchi waliyoichora. Mke wa Banza alikausha samaki uani, na moshi wake ukaonekana kwenye mbuga za Kasongo, mahali ambapo hajawahi kuishi samaki. Mtumbwi wa Banza ulionekana umefungwa kwenye kidimbwi cha Ngoie nyuma ya gara. Kasongo alipofiwa na mtoto wake wa mwisho, picha zote zilizoletwa kwangu msimu ule zilikuja bila ndege angani. Hakuna aliyekuwa amekubaliana na mwenzake. Niliwauliza, wakashangaa wenyewe. Papa Léonard, ambaye macho yalikuwa yameanza kumkataa, aliniomba nimwelezee mbingu za picha moja baada ya nyingine, akatikisa kichwa, akasema, "Eyo vidye," kama mtu anayejibu bwana wake kwa Kiluba. Mwaka uliofuata alirudi kijijini kwake, nami nikabaki na nyundo.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Kasongo na Banza walikuwa na desturi ya kutoka kwa baiskeli kwenda kuchora mbali, masanduku ya rangi yamefungwa nyuma. Mara nyingi walienda vichuguuni, mara chache mbali zaidi. Safari moja Kasongo alimpeleka Banza mpaka kijiji cha mama yake, akamwonyesha kijito alichochezea utotoni. Walirudi kila mtu na picha yake. Ile ya Banza haikukamilika, akapaka nyeupe juu yake akachora mitumbwi. Ile ya Kasongo ilikuwa picha bora niliyopata kuitia fremu. Maji yalikuwa kidogo tu. Mawe ndiyo yaliyokuwa picha: meusi, mekundu, na mengine yenye ukungu wa kijani ambao haukutoka kwenye lile kopo. Alikuwa ameusaga mwenyewe kutoka kwenye jiwe la pale. Niliitundika kwenye ukuta unaotazama mlango.

Kiangazi kile alikuja bwana mmoja na gari kubwa lenye vumbi la safari ndefu. Alikuwa mpole, mwenye sauti ndogo, amevaa buti nzuri mno kwa mtu aliyesema anatafuta mapambo ya sebule. Alipita picha zote kwa haraka. Mbele ya kijito alisimama. Akavua miwani, akasogea mpaka pua ikakaribia rangi. Wageni wa sebule hurudi nyuma kuangalia picha. Huyu alisogea mbele.

"Mama, hapa ni wapi?"

"Muulize aliyechora."

Nikamwita Kasongo. Akaja akifuta mikono.

"Kijito hiki ni cha upande gani, papa?" bwana akauliza.

"Ni cha upande wa moyo wangu," Kasongo akasema, akicheka.

"Kina jina?"

"Kiko na jina. Lakini jina haliuzwe na picha."

Bwana alicheka pia, akaomba ruhusa ya kupiga picha kwa simu. Alipiga nyingi, za mawe tu. Kisha alilipa, akachukua ile turubai pamoja na fremu yangu, akashukuru vizuri, akaondoka. Ngoie, aliyekuwa mlangoni na kikapu cha nguo, aliniambia, "Mama Umba, ule muntu hakuangalia maji hata kidogo." Nilimwambia nimeona. Hatukuwa na la kufanya. Mtu haruhusiwi kumkatalia mgeni kwa sababu ya buti.

Mvua ziliponyesha na kukatika, walikuja wajomba wa Kasongo. Walikuwa wazee wawili, wakiwa na mdogo wake Kasongo aitwaye Mwamba, kijana mwenye maneno mengi. Walikuja wakiwa na matope ya safari mpaka magotini, na hawakukubali kukaa. Walisema watu wamekuja na mashine kuchimba madini kwenye kijito. Wameweka kizuizi njiani. Mashamba ya upande ule hayafikiki, na makaburi ya wazee yamepitiwa na magurudumu. Walipouliza ni nani aliyewaleta, mmoja wa wale watu aliwaonyesha simu. Ndani ya simu ilikuwemo picha ya Kasongo.

"Weye njo uliuzisha udongo wetu," mjomba mkubwa akamwambia mbele ya kambi nzima. "Ulichora mawe ya mama yako, ukabapatia."

Kasongo alikuwa amekaa juu ya kibao.

"Minyi nilichora," akasema. "Lakini sikusema ni wapi. Mama Umba iko hapa, alisikia. Sikutaja jina."

Nikasema ni kweli, hakutaja.

"Picha haina njia," Mwamba akadakia. "Iko mawe tu. Mutu hawezi kufika kule kwa kuangalia mawe. Kuko muntu alibaonyesha njia. Yaya, kaka yangu, fikiri. Nani wa hapa anajua kule?"

Hakuna aliyemtazama Banza. Ndivyo nilivyojua kwamba wote wanamfikiria yeye. Watu ishirini uani, na macho yote yametua chini, kwenye kisima, kwenye mapaa, kila mahali isipokuwa kwenye mlango mmoja.

Banza ndiye aliyesema mwenyewe. "Minyi najua kule. Kasongo alinipeleka. Na sikumwambia muntu."

"Hakuna mutu amekutaja," Mwamba akasema.

"Njo vile. Munanitaja bila kunitaja."

Wajomba waliondoka. Mashaka hayakuondoka nao. Mkutano uliitishwa na gerant, msimamizi wa kambi, mtu aliyependa utulivu kuliko kitu kingine chochote na aliyeamini kwamba utulivu unapatikana kwa kumwondoa mtu mmoja. Watu walikumbuka mambo. Mmoja alikumbuka Banza aliongea na dereva wa lile gari. Kweli aliongea naye: dereva alikuwa mtu wa kando ya mto, walisalimiana. Mwingine alikumbuka kwamba mke wa Banza alinunua kitenge kipya. Niliuliza swali moja tu: "Ni nani aliyemwona au kumsikia akieleza njia?" Hakuna aliyejibu, na gerant aliandika kwamba hakuna pingamizi Banza aondolewe. Kasongo hakusema ndiyo wala hapana. Alikuwa anatazama vidole vyake. Nadhani hapo ndipo Banza alipoumia, maana kwa wengine alilitarajia jambo lile, ila kwa Kasongo hakulitarajia.

Banza aliondoka na mkewe kwa kamio, lori la kwenda Mulongo, turubai zake zimekunjwa kama mikeka. Nyumba yake ilifungwa kwa mnyororo.

Mtadhani baada ya hapo kambi ilipumua. Sikilizeni picha zilisema nini. Kwanza kopo la banda lilikauka, likawa na ngozi juu. Kila mtu alianza kuchanganya kijani chake ndani ya nyumba, na mlango umefungwa. Kijani cha Kasongo kikawa cha kahawia, kama majani yaliyolala chini ya gari. Cha Ngoie kikawa kikali, cha kuumiza meno. Kisha watu walitoka kwenye picha. Ngoie, ambaye hakuwahi kuchora shamba bila mwanamke aliyeinama, aliniletea mashamba matupu, na baada ya muda yakawa na nyua. Hapa Kamina ni nani anazungushia mihogo ua mrefu namna ile? Nikamuuliza.

"Naona vile, mama," akasema. "Nikifungua dirisha naona paka ukuta, ukuta tu."

"Ukuta gani? Dirisha lako linatazama kisima."

Akachukua turubai mpya, akaondoka.

Halafu ukaja uongo. Kwa kuogopa kwamba picha nyingine itamwonyesha mtu njia, wachoraji wakaanza kuhamisha nchi. Kilima cha Kabongo kiliwekwa katikati ya vinamasi. Reli ikapita mahali ambapo hakuna hata njia ya mbuzi. Jua lilizama upande wa mashariki. Mgeni akiuliza hapa ni wapi, jibu lilikuwa moja: "Popote." Na picha za popote hazikupendwa na mtu, si wageni, si wachoraji wenyewe. Nilizitia fremu nikizigeuza nyuma na mbele, na kila upande ulinitazama kwa hofu.

Sikuwa nje ya jambo hilo. Nilimshuku Ngoie kwa sababu ya simu yake mpya, ingawa ilitoka kwa baba yake. Nilimshuku gerant kwa sababu alitabasamu sana. Nilimshuku hata yule dereva ambaye nilimwona mara moja tu, tena mgongo. Mtu mmoja nisiyemshuku alikuwa Mwamba. Yeye alikuja kulalamika, na mlalamikaji humwangalii mikono.

Msimu mmoja baadaye Kasongo alikwenda kumsalimia mama yake. Alirudi mapema kuliko alivyoaga, akaomba turubai kubwa. Nilimtayarishia vizuri kuliko kawaida, maana alikuwa amekonda. Alichora kwa muda mrefu, na sanduku la rangi aliliweka mlangoni ili mtu asiingie. Picha ilipokuja kwangu ilikuwa ile ile ya kijito, lakini safari hii upande wa kulia kulikuwa na jiwe kubwa la kijivu, zito, limepakwa rangi juu ya rangi mpaka limevimba. Jiwe lile halikuwamo kwenye picha ya kwanza. Na kwa uzito wake kitambaa kilikuwa kimelegea.

Kitambaa kikilegea lazima ukivute upya. Niliisimamisha picha dirishani, asubuhi, nikaenda nyuma yake na koleo. Jua lilipita. Kwenye sehemu nyingine mwanga ulikuja sawa. Kwenye jiwe lilikuja umbo la mtu aliyekaa kwenye kiti, ana kofia ngumu kichwani na mti wa kizuizi mbele ya magoti.

Nilikwenda nyumbani kwa Kasongo. Alikuwa anakunywa munkoyo. Nikakaa bila kukaribishwa.

"Papa Kasongo, ni nani umemfunika?"

Alishika kikombe kwa mikono miwili.

"Nimefunika nani?"

"Mtu wa kizuizini."

Alikiweka chini. Kisha akasema, "Mama Umba, geuza uso wako kidogo." Nikageuza. Alilia kama wanaume wanavyolia, kwa kukohoa.

"Ni Mwamba," akasema. "Nilifika pale, nikamukuta iko amekaa. Amevaa kofia yabo. Njo yeye anafungula, njo yeye anafunga. Aliponiona hakusimama. Mama akaniambia kila kitu. Bale bantu balikuja na simu mpaka soko ya Kabongo, wakauliza bantu kama banajua mawe ya namna ile. Mudogo wangu akasema, minyi najua, yaya yangu njo alichora. Akabapeleka."

"Na wajomba wanajua ni yeye aliyewapeleka?"

"Mama peke yake. Na minyi. Bajomba banafikiri alipata kazi tu."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu nilirudia."

Nilitazama ua kupitia mlango wake. Nyumba ya Banza ilikuwa mbele yetu kabisa, na mnyororo wake umeanza kutu.

"Utafanya nini?"

"Nifanye nini? Ni mutoto wa mama yangu. Nikisema, bajomba batamufukuza. Mama iko angali muzima, atabaki na nani?"

"Na Banza? Yeye hakuzaliwa na mama?"

Alinitazama kwa hasira, na hasira ile ilinifurahisha, kwa maana tangu mkutano sikuwa nimeona kitu chochote hai usoni mwake. Nilimwambia nitamwachia picha yake ilivyo, sitasema neno, lakini fremu sitaweka. Picha ile itakaa atelye imegeuzwa ukutani mpaka yeye mwenyewe aje aseme ifanywe nini. Nikatoka.

Alikuja siku chache baadaye, amebeba mfuko. "Mulongo," akasema. "Minyi peke yangu siwezi. Nitarudilia njiani." Hivyo tulikwenda watatu, yeye, mimi, na Ngoie ambaye alikataa kuachwa. Kamio lilituvunja viuno, na sehemu ya mwisho tulivushwa kwa mtumbwi katikati ya mafunjo. Ngoie alitazama maji huku na huku, akasema polepole kwamba Banza hakuwa akidanganya: watu ndani ya mitumbwi kwa kweli wanafanana na sindano.

Tulimkuta ufukweni, ameinama juu ya mtumbwi, akiandika jina la mwenye chombo kwa pinso, brashi yake, na rangi nyeupe. Hakuchora tena. Aliandika majina. Aliinuka, akatusalimia kila mmoja kwa heshima yake, mimi kwanza, akamwita mkewe alete viti. Kasongo alikataa kiti.

"Banza, nilikuja kusema. Haikuwa weye."

"Hiyo najua," Banza akasema.

"Ilikuwa mudogo wangu. Mwamba. Nimemuona kwa macho yangu."

Mke wa Banza alitua kiti alichokuwa amebeba. Banza alichovya pinso kwenye maji, akaipangusa kwa nguo yake.

"Umejua tangu wakati gani?"

Kasongo angeweza kudanganya hapo. Nilijua, na nilikuwa nimekwisha kujiandaa kumkatiza.

"Kuanzia mwezi uliopita," akasema. "Nilinyamaza."

"Mwezi muzima."

"Mwezi muzima."

"Wafwako," Banza akasema. Hiyo ni asante ya Kiluba, na sijapata kuisikia ikisemwa kwa ubaridi namna ile. "Sasa sikia, Kasongo. Minyi sikufukuzwa hapa Mulongo. Hapa bantu bote banajua minyi ni nani. Nilifukuzwa ku ua wa Kamina, mbele ya kisima, bibi yangu akisikia. Haya maneno unayaleta hapa sababu hapa hakuna mutu atasikia. Uyapeleke kule."

Tulilala, tukala samaki wao, tukarudi.

Kasongo aliyapeleka kule. Aliwaita wajomba, akamwita gerant, akasimama uani mchana kweupe akasema yote, pamoja na mwezi wake wa kunyamaza. Mjomba mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, akavaa kofia yake akaondoka bila kuaga. Mwamba hakuja. Mwamba yuko kizuizini mpaka leo, na kijito kiko nyuma yake. Sitawadanganya kwamba mashine ziliondoka. Gerant alisema jambo hili sasa limekwisha, tuwe na utulivu. Ngoie alimuuliza kama atamwandikia Banza barua ya kuomba radhi kwa maandishi mazuri kama yale aliyoandikia "hakuna pingamizi." Aliandika. Ngoie alisimama nyuma ya kiti chake mpaka alipomaliza.

Ile turubai kubwa Kasongo alikuja kuichukua mwenyewe. Alikwangua jiwe kwa kisu mpaka yule mtu wa kizuizini akatokea, amekaa, kofia kichwani. Ndipo nilipoitia fremu. Iko kwenye ukuta wa ndani, na mama yake Kasongo hajaiona, wala sidhani itafaa aione.

Banza alirudi mvua zilipoanza. Alifungua mnyororo mwenyewe, akafagia, mkewe akawasha moto uani. Watu walikuja mmoja mmoja na unga, makaa, majani ya sombe. Aliwapokea wote, akawashukuru wote, lakini alipokwenda kisimani alifunga mlango kwa ufunguo na kuutia ufunguo mfukoni. Hatua chache tu mpaka kisimani. Tulimwona, na hakuna aliyethubutu kumwambia kitu. Picha yake ya kwanza ilikuwa ya kambi. Ilionyesha nyumba zote, banda, gara kwa nyuma, na mtu ni yeye tu, amechorwa kwa mgongo, nje ya lango. Niliigonga kwa kidole, nikaigeuza, nikaisoma nyuma na mbele. Safari hiyo pande zote mbili zilisema jambo moja.

Niliendelea na kazi kwa kitambo, kisha nikaambiwa umri wangu umefika. Asubuhi nilipokuwa napanga vifaa vyangu ili niondoke, nilisikia Kasongo anabisha mlango wa Banza. Alikuwa na sanduku lake la rangi na baiskeli.

"Banza, bichuguu bya njia ya Kabongo biko bizuri sasa, majani yametoka. Twende tuchore?"

Kisha ufunguo ukazunguka, na Banza akatoka na sanduku lake. Alilifunga kwenye baiskeli bila haraka, akakagua kamba, akakagua tena.

"Tutaenda," akasema. "Lakini weye utatembea mbele."

Kasongo alipanda baiskeli, akatangulia. Hakugeuka nyuma hata mara moja.